Miche Iliyopandwa na Mifuko Yake

Mwaka ule serikali ilisema Nairobi itazungushiwa msitu. Sisi akina mama wa Waithaka tukapewa vipande vya kulima ukingoni mwa msitu huo. Masharti yalikuwa haya: panda miche, ilinde, na katikati ulime viazi na maharagwe yako. Miti ikikupita kichwa, unatoka. Sikusoma sana, lakini hilo nilielewa: kila mti niliopanda ulikuwa unanifukuza polepole. Na mimi ni shosho, bibi wa wajukuu wawili, waliokula kutoka kipande kile.

Siku ya kupanda, mama aliyelima kando yangu aliniona nikichana mifuko ya nailoni iliyoshika mizizi.

"Shosho, unachana ya nini? Panda hivyo hivyo. Mti utajinyonga wenyewe huko chini, nasi tubaki na shamba."

"Na ukiulizwa?"

"Nitasema ni mchwa." Akacheka, na wenzake wakacheka.

Mimi nilikuwa nimemkubalia bwana wa msitu, yule ofisa aliyetugawia vipande, kwa mdomo wangu. Nikachana yote.

Mvua ya pili ilipoisha, miche yao ilikuwa kuni. Yangu ilinifika kifuani. Ukisimama barabarani uliona mistari minne ya kijani, imezungukwa na ukavu. Kanisani, benchi langu likaanza kubaki na nafasi. Nikifika shambani, maongezi yalikatika.

Ndipo bwana wa msitu akaja.

"Shosho, wewe ulifanya nini ambacho hawa hawakufanya?"

Wanawake wakasimamisha majembe. Ningeweza kusema nilimwagilia maji.

"Nilichana mifuko," nikasema.

Akainama kwenye kipande cha jirani, akang'oa mche mkavu. Ulitoka na mfuko mzima, mizizi imejizungusha ndani. Akang'oa wa pili. Wa tatu hakuung'oa. Akaondoka bila kuaga.

Yule mama akanitazama. "Sasa wajukuu wako watakula hiyo miti?"

Wiki hiyo tulifungiwa mashamba sote bila kubaguliwa, mimi pamoja nao. Tukapewa siku moja tu ya kuvuna.

Nilifika alfajiri na gunia. Kila mti wangu ulikuwa umebanduliwa gome kwa panga, kuzunguka shina lote, kwa utaratibu, bila haraka. Majani yalikuwa bado mabichi. Miti haikuwa imejua kwamba inakufa.

Nikaanza kuchimba viazi. Nyuma yangu nikasikia wanawake wakifika, mmoja mmoja. Hakuna aliyenisalimu, na hakuna aliyeanza kuchimba; walisimama wakiitazama ile mistari minne.