Dakika Moja ya Kumkumbuka Elifuraha

Mimi ni mwalimu wa historia, na kwa ujinga wangu niliamini kwamba mtu akishaandika kumbukumbu zake, kazi iliyobaki ni kuzisoma kwa sauti.

Ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima tunazibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Safari hii tuliwaita na watu wa Makanya, bondeni, maana nao sasa wanapata maji yetu. Wakati wa kupumzika nikasoma kumbukumbu za marehemu Mzee Mbwambo: jinsi rafiki yake Elifuraha alivyofukiwa na kifusi kwenye machimbo ya jasi, na jinsi yeye alivyomfariji Naetwe, mchumba wa rafiki huyo, mpaka akamwoa. Bibi Naetwe mwenyewe alikaa mbele, analia. Nikaona mambo yamenoga, nikaomba wote wasimame kimya dakika moja.

Mzee mmoja wa Makanya akaweka jembe chini.

"Mwalimu, Elifuraha ni mimi. Mbwambo ndiye aliyekuja kuniambia Naetwe ameshaolewa."

Bibi Naetwe akafuta machozi, akanitazama mimi, si yule mzee.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hebu rudia pale aliponifariji."