Kilichokuwa Kikigonga Ndani ya Buti

Nakumbuka asubuhi ile gari letu la bluu lilipoingia Lushoto likiburutwa kwa mnyororo na lori la mbao, na mume wangu Yohana amekaa kwenye usukani, kifua mbele, utadhani ndiye anayeendesha. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Gari lilikuwa letu, lakini ufunguo hatukuwa nao.

Nasikia na wewe umepata gari la bei ya kutupa, lililokamatwa kwa sababu mwenyewe alishindwa kulipa mkopo, na muuzaji anakwambia ufunguo utachongesha baadaye. Basi keti. Chai ipo kwenye chupa, na mimi siku hizi sina pa kukimbilia.

Enzi zile za Ujamaa, mtu wa kawaida kuwa na gari lake mwenyewe lilikuwa jambo la kuzungumzwa mpaka kanisani. Yohana alikuwa karani tu wa chama cha ushirika cha wakulima wa mboga. Aliuza ng'ombe wetu wa maziwa, akateremka Tanga kwenye mnada, akarudi na ile Pijo. Nilipomuuliza ufunguo uko wapi, alinijibu, "Mke wangu, gari ni injini. Ufunguo ni kachuma tu." Mwanamume akishapenda kitu, hata umwonyeshe shimo atakwambia ni kivuli.

Fundi mmoja pale mjini akamuunganishia waya chini ya usukani, gari likawaka. Milango tuliifunga kwa kamba ya katani. Buti lilikuwa limefungwa, na Yohana hakutaka livunjwe, alisema gari zuri haliharibiwi. Angetafuta fundi wa vitasa Tanga, siku moja. Tangu hapo hakuwa na raha. Kanisani alikaa kiti cha nyuma karibu na dirisha, na wenzake wakifumba macho kusali, yeye alifumba moja. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, na kila gari lilipopita barabarani nilichungulia dirishani, nikidhani mwenye ufunguo amekuja kuchukua chake. Maana ufunguo haukuyeyuka, mwanangu. Ulikuwa na mtu.

Basi ikafika siku ya kumpeleka mama mkwe Korogwe akatibiwe macho. Tuliondoka mapema, mama mbele, mimi nyuma na tumbo langu. Tulipopita Soni na kuanza zile kona za kuteremkia Mombo, nikasikia kitu nyuma ya mgongo wangu. Ngo! Kona nyingine, ngo!

"Yohana, kuna nini humo ndani?"

"Tairi la akiba," akasema, lakini niliona shingo yake imelowa jasho.

Pale Mombo palikuwa na kizuizi. Siku zile walanguzi wa kahawa na sukari walikuwa wakisakwa kweli kweli, na mtu aliyekamatwa na magendo familia yake ilikuwa imekwisha. Askari mmoja na mgambo wakaliendea gari letu. Askari akaona kamba za katani mlangoni, akainama akaona waya zinaning'inia chini ya usukani.

"Ndugu, fungua buti."

"Halina ufunguo, afande. Nimenunua mnadani, risiti hii hapa."

Askari akaisoma risiti, akamrudishia. "Gari ni lako, sikatai. Basi na kilichomo ni chako. Tukikuta magendo, utajibu wewe."

Akamtuma mgambo akatafute mtaimbo. Yohana akaketishwa chini kando ya barabara, yeye karani wa watu, na suruali yake ya kanisani. Niliwaza gunia la kahawa. Niliwaza bunduki. Mungu anisamehe, niliwaza hata maiti, nikajikuta nainusa hewa. Niliona kabisa mtoto wangu akizaliwa baba yake yuko gerezani kwa ajili ya mzigo ambao hajawahi kuuona.

Mama mkwe alikuwa ametulia. Aliuliza swali moja tu.

"Yohana, mwenye gari hili alikuwa nani?"

"Simjui, mama. Lilikuwa la benki."

"Benki haina miguu ya kuendeshea gari. Nakuuliza, nani alinyang'anywa?"

Risiti ilitaja benki tu, na sisi hatukuwa tumeuliza zaidi.

Mgambo akarudi na mtaimbo, buti likalia, likafunguka. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, ndani palikuwa na cherehani imelala ubavu, mkasi, na sare za shule ambazo hazijamalizwa kushonwa. Yule mgambo akashika kichwa.

"Afande, hizi ni kazi za Fundi Bakari, wa kwetu Mlalo! Alikuwa anazunguka magulioni na gari hili hili. Alikuwa anaswali Ijumaa watu wa benki walipokuja kulivuta. Kila siku anasema cherehani yake imo humo, hakuna anayemsikiliza."

Askari akatuachia. Yohana alitaka tuendelee na safari, cherehani tuishughulikie siku nyingine. Mama mkwe akasema macho yake yamesubiri mwaka mzima, na yataweza kusubiri tena. Tukageuza gari, tukapanda tena mlima mpaka Mlalo.

Tulimkuta Fundi Bakari anatoka kulimia watu kibarua, jembe begani. "Onga mshi," mama mkwe akamsalimu Kishambaa, akamweleza kwa nini tumekuja. Yohana akaishusha cherehani mwenyewe, akaiweka kibarazani. Fundi akatua jembe. Alikaa, akaipangusa kwa shati lake, akachukua uzi atie kwenye sindano. Haukuingia. Vidole vilikuwa vimepasuka na kukakamaa kwa jembe. Akajaribu tena. Mke wake akaja taratibu, akautoa uzi mkononi mwake, akamtilia.

Yohana akageuka akatazama ukuta. Baadaye akajikaza akauliza habari za ufunguo.

"Niliutupa mtoni siku niliposikia limeuzwa," fundi akasema. "Ungekuja kabla ya kulinunua, kijana wangu, ningekupa kwa mkono huu. Gari sikuwa nalidai. Nilikuwa nadai kazi yangu."

Yohana hakujivunia gari lile tena, na mimi sikuwahi kulipanda bila kuviona vile vidole.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi, mwanangu. Kununua si kosa, na mkopeshaji ana haki yake. Lakini kabla hujatoa hela, uliza gari lilikuwa la nani. Nenda kwake kwa miguu yako, mwamkie, muulize kama kuna chake kilichobaki humo. Akikupa ufunguo, lichukue kwa amani. Akikufukuza, rudi nyumbani na hela yako. Na kama huwezi kumtazama usoni, jua hilo gari halikufai.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mali ambayo hakuna mtu anayeililia, akulinde kwenye kona, na wanao walale usingizi ukiwa safarini.