Taulo Kwenye Msumari

Aili Kangas alisafisha jumba la bwawa la kuogelea la chuo chetu kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemshinda kwa hoja, mimi nikiwa wa kwanza kushindwa. Mimi ndiye msimamizi wa jumba. Kwa karatasi alikuwa chini yangu. Lakini alimfahamu marehemu baba yangu, akaniita "mtoto wa Eino" mbele ya wanafunzi, na mtu wa namna hiyo huwezi kumwamrisha ukafika mbali.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, miguuni buti za mpira. Alitembea na ndoo mbili: moja ya maji, ya pili ya chupa ya kahawa na mkate wa iliki uliofungwa kitambaani. Huku kwetu kaskazini ya Michigan, Marekani, sisi wajukuu wa Wafini waliotoka Finland kuja kuchimba shaba, mkate huo hatuukosi. Kila asubuhi alinikatia kipande, akaniuliza lini nitaingia tena majini. Nilikuwa sijaogelea miaka mitano. Nilimjibu kila siku kwamba ni magoti.

Kiangazi kimoja chuo kikajenga vyumba sita vya kubadilishia nguo, kila kimoja na bafu lake, benchi lake, na mlango unaogusa sakafu. Vilikuwa vya yeyote: mwanamume, mwanamke, na asiyetaka kuhesabiwa upande wowote. Nilivipenda, nasema kweli. Na kwa kuwa nilivipenda, nikavitunza kwa njia niliyoijua. Nikavifunga, funguo nikaziweka mezani kwangu pale mlango mkuu, nikafungua daftari la jina na saa, na ukutani nikatundika kibao kikubwa cha rangi ya chungwa kueleza vyumba ni vya nani.

Hakuna aliyekuja. Septemba ikapita, Krismasi ikapita, daftari jeupe. Bwana Lindqvist, mlezi wa wanafunzi, akaniarifu kwamba mwisho wa Februari angekuja kulitazama. Likiwa tupu, vyumba vingegeuzwa stoo ya vifaa vya kutelezea kwenye theluji. Nikaona ni haki. Nikasema watu wenyewe hawavitaki.

Sasa kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, Marlow Pelkey, muogeleaji wetu bora wa masafa marefu. Marlow hakuwa na raha katika chumba cha wanaume wala cha wanawake. Alivaa nguo ya kuogelea bwenini, koti juu, na baada ya mazoezi alirudi hivyo hivyo, maji yakimchuruzika. Januari ya kwetu si ya mchezo. Jumatatu moja Aili alikuwa akiondoa theluji ngazini akamwona anapita, nywele zimesimama kwa barafu, anakohoa kifua kizima. Akamshika mkono, akamrudisha ndani mpaka kwenye kijistoo chake cha mifagio, akamtilia kahawa. Mgonjwa haulizwi uji.

Mimi nilikuwa nje ya kijistoo hicho nikitafuta tepu, ndiyo maana nilisikia. Marlow alisema kwamba Ijumaa angemwambia kocha anaacha timu.

"Si kuna vile vyumba?" Aili akauliza.

"Vipo. Lakini ufunguo anao Bwana Reino, na nyuma yangu kuna foleni ya watu wanane. Nikisema nautaka, wote wananigeukia. Bi Aili, mimi pale mezani ndipo ninapovuliwa nguo."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema auanike mbele ya foleni. Niliondoka kwa kunyata, uso unaniwaka. Nilijua nimekosa, na bado kichwa changu kigumu kikawa kinatafuta utetezi.

Jumatano asubuhi Aili alikuja mezani na nyundo.

"Mtoto wa Eino, sauna ya kwenu ilikuwa na kufuli?"

"Sauna gani ina kufuli?"

"Na daftari je?"

Akanikumbusha lile ambalo kila nyumba ya kwetu inalijua: msumari nje ya mlango wa sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke. Taulo likining'inia, kuna mtu anaoga, lisipokuwapo, ingia. Nani yuko ndani, hakuna anayeuliza. Mjomba wake Urho alitoka vitani ameungua kutoka shingoni hadi mapajani, na hakuoga na wanaume wenzake tena mpaka kufa. Hakuna aliyemwona wa ajabu, kwa sababu mchungaji naye alikuwa na zamu yake peke yake, na shangazi mwenye mimba, na msichana aliyeanza kukua.

"Bibi yangu hakumjengea Urho sauna yake," Aili akasema. "Angemjengea, watu wote wangemnyooshea kidole. Alipiga msumari, basi. Nipe hizo funguo."

Nikaanza habari za usalama. Akaniambia komeo za ndani hufunguka kwa nje ukizungusha sarafu, na kwamba nalijua hilo vizuri sana. Nikampa. Akafungua milango yote sita, akarudi, akazitumbukiza kwenye ndoo ya maji machafu, akasema nikizitaka nizifuate. Sikuzifuata.

Kufikia mchana kila mlango ulikuwa wazi na msumari wake. Kibao changu kikawa sinia la kuwekea buti zenye theluji. Aili akawaendea akina bibi wa mazoezi ya majini, ambao kwa miaka ishirini walivua nguo wakiwa wameng'ata taulo kwa meno. Akamwambia baba mmoja mwenye binti wa miaka minne, asiyejua kamwe apite mlango upi. Akamwambia golikipa wa timu ya hoki, pande la mtu, kumbe ana ugonjwa wa ngozi mgongoni. Aliwaambia tu kwamba vile vyumba vina joto zaidi.

Alhamisi Marlow alisimama ukumbini muda mrefu. Bibi mmoja akatoka chumba cha pili akiimba. Golikipa akaingia cha tano. Hakuna aliyegeuza shingo. Marlow akatundika taulo, akaingia. Alitoka na nywele kavu chini ya kofia ya sufu, na Ijumaa alimwendea kocha kuuliza mashindano ya Jumamosi yanaanza saa ngapi.

Bwana Lindqvist alikuja siku aliyosema, akalifunua daftari tupu. Nikamwambia kosa ni langu, nikampeleka ukumbini. Mataulo sita, na watu watatu wanangoja.

"Ni akina nani hao ndani?" akauliza.

"Watu," Aili akamjibu bila kuacha kupiga deki. "Wanaoga."

Vifaa vya theluji vilitafutiwa mahali pengine.

Bwana Lindqvist alipoondoka, Aili aliniletea taulo. "Namba nne iko wazi."

"Magoti yangu, Aili..."

"Sijakuuliza magoti."

Akaenda zake na ndoo zake. Tangu nipasuliwe utumbo, miaka mitano iliyopita, nina mfuko wa kupokea choo tumboni, na nilidhani siri hiyo naijua mimi na daktari tu. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Kisha nikatundika taulo, nikaingia, nikafunga komeo. Siku hiyo niliogelea mizunguko minane.