Maneno ya Mahali pa Kupokezana

Shuleni walimwita Mkia, kwa kuwa katika mbio za kupokezana alikimbia wa mwisho, na jina likamganda hadi utu uzima. Kaka yake ndiye aliyemkabidhi kijiti. Hawakuwahi kukidondosha. Mkia alinyoosha mkono nyuma, macho mbele, na kijiti kikamfikia kiganjani bila yeye kugeuka.

Magoti yalipogoma, walianzisha mtandao wa kijamii wa wanariadha. Waliuendeshea katika chumba cha mama yao cha kushonea, kompyuta ikiwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Watu wakaonyeshana viatu na majeraha. Mama alisema hajapata kuona watu wanaojivunia vidonda namna ile. Baadaye ndugu hao wakaingia kwenye sarafu za mtandaoni, na wanachama wakaingia nao. Mwalimu wao wa mbio aliweka humo kiinua mgongo chake chote.

Sarafu zote zilikaa katika pochi moja ya kidijitali ndani ya kompyuta ile. Ufunguo wake wa akiba, wa kuifungulia kompyuta ikiharibika, ulikuwa mfululizo wa maneno ya kawaida: ndoo, kivuli, shangazi, na kadhalika. Kaka alishauri wayagawane kama mbio. Yeye akakariri ya mwanzo, Mkia ya mwisho, kila mmoja akiyapanga kichwani kwenye kipande chake cha uwanja, neno kwa hatua, kisha karatasi iliyoandikwa maneno hayo wakaichoma kwenye sinia. Mama aliuliza nani anaunguza mkate.

Halafu kompyuta ikafa. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akawarudishia pamoja na pole.

Asubuhi moja wakaenda uwanjani, maana kaka alisema akikaa kitini hakumbuki kitu. Mwalimu alikuja pia, akakaa jukwaani, kofia magotini. Kaka alitembea akichechemea, akitaja neno baada ya neno, Mkia akiandika kwenye simu. Alipofika kwenye mstari wa chokaa, pale eneo la kupokezana linapoanzia, akasimama.

"Endelea," Mkia alisema.

"Yangu yameishia hapa. Ya humu ndani ni yako."

"Yangu yanaanzia kule mbele, nikishapokea."

"Acha utani, Mkia."

Hakuwa na utani. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kile kipande cha katikati. Mkia alingoja hofu imjie, haikuja. Alihisi kokoto ndani ya kiatu, basi. Akatembea sehemu yake hadi mwisho, akayataja maneno yake yote bila kukwama.

Mwalimu alishuka, akauliza kama yamepatikana. Kaka aliinamia viatu vyake, hivyo jibu likabaki kwa mkimbiaji wa mwisho.

"Hapana, Mwalimu. Ya katikati hakuna aliyeyashika. Hatutaweza kuifungua."

Mwalimu aliomba aonyeshwe ni wapi. Wakampeleka. Alisimama kati ya ile mistari miwili, akakagua ardhi kama mtu aliyeangusha kitufe cha shati, kisha akavaa kofia yake.

"Mama yenu hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu."

"Msalimieni," alisema, akaelekea getini akifuata mstari wa uwanja, bila kuukatiza.