Ukuta Uliopakwa Nusu

Nilipokuwa mtoto niliamshwa usiku na mlio wa mchi, polepole, kama mtu anayetwanga huku anaogopa. Alikuwa Nkambo, mama wa mama yangu, anatwanga udongo mwekundu.

“Nkambo, tutakula nini usiku huu?”

“Tutakula udongo. Lala.”

Alfajiri tukavuka Lualaba kwa mtumbwi, mimi, yeye na beseni, mpaka kisiwani, kijiji chetu cha zamani, nyumba nyekundu, nyeupe, nyingine buluu ya kufulia, na ndani hakuna mtu, hata kuku hakuna, maana Bulamatari, serikali ya Wazungu, alituhamishia barabarani, akasema kuna malale, ugonjwa wa usingizi, akakataza kurudi. Lakini kwetu mwanamke hupaka upya nyumba alimozaliwa, kila kiangazi. Mvua ikikuta ukuta haujapakwa, nyumba inamfuata mtoto anayenyonya wa mwanamke huyo, inamchukua. Mama alizaliwa mule, na mdogo wangu alikuwa bado kifuani pake. Mama hakuweza kutembea, basi Nkambo akaenda kumpakia.

Tulifika nusu ya ukuta, Wazungu wakatokea, bwana na mke wake. Wao waliruhusiwa, wanakuja kutazama rangi. Yule mke alifurahi, “joli, joli,” yaani nzuri, nzuri, akampiga Nkambo picha na mikono yake myekundu. Kisha polisi wao akamwaga beseni mtoni.

“Mama muzee, unajua huku inakatazwa.”

“Najua. Na hawa?”

“Hawa ni wageni.”

“Basi mugeni anakaribishwa, mwenye nyumba anafungwa.”

Polisi alicheka kidogo, lakini alimfunga.

Mvua za kwanza zilipoanguka, mdogo wangu akafa. Masista walinifundisha baadaye kwamba ni malaria, na pengine ni kweli, nimesoma, mbu nawajua. Lakini masista hawakumwona Nkambo, alipofunguliwa, jioni baada ya jioni, anautazama mto.

Sasa Mama hayupo, Nkambo hayupo, nami pia nilizaliwa mule, ukuta ni wangu. Mwanangu ananyonya, mawingu yameanza kusimama, na tangu juzi mwili wake unawaka. Nilimweleza mume wangu yote, kwa mbio, bila kupumua. Yeye ni karani, anangojea kadi ya mstaarabu, ile Bulamatari anayowapa weusi walioacha mila.

“Nani mwingine iko anajua?” akauliza.

Hakumgusa mtoto. Kwamba sitavuka, sikumwahidi. Nilimwahidi tu kwamba sitamwambia mtu mwingine.