Kiota Nje ya Dirisha la Mwaitu

Aliyemfanya Kitonga Ndeti awe mpiga picha ni mama yake, tena bila kusema neno.

Mama huyo, Kaindi, alipooza upande wa kulia mwezi wa Novemba, huko Makueni, akiwa shambani anapalilia pojo. Kitonga akamleta kwake jijini, mtaa wa Satellite, na kumwekea kitanda kando ya dirisha linalotazama bustani. Bustani yenyewe ilikuwa ndogo: sukuma na dania za Nzisa mkewe, mpera mmoja, shubiri chache, na bogenvilia iliyopanda ukutani hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Sauti ya Kaindi ilikuwa imekwenda. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na nguvu, akapewa kikombe cha bati agonge anapohitaji kitu.

Asubuhi moja aligonga mpaka Kitonga akaja mbio na beseni. Kumbe hakutaka kujisaidia. Alikuwa akionyesha kinyonga kwenye tawi la mpera. Kitonga akatoka na simu, akapiga picha, akarudi kumwonyesha. Ile nusu ya uso iliyokuwa bado hai ikacheka.

“Umeona, Mwaitu?” akamwambia, kwa jina ambalo Wakamba humwitia mama. “Nitakuletea wengine.”

Na kweli alimletea. Katika jua kali la Januari alimletea kereng'ende na mijusi. Februari, vumbi lilipofunika majani, alimletea vipepeo waliokuja kunywa maji kwenye sufuria ya kuku. Mtu aliyefanya kazi ya kupanga mafaili ya madai katika ofisi moja ya bima katikati ya jiji, ambaye meneja wake alikuwa bado akimwita Kitunga baada ya miaka kumi na tisa, sasa alikuwa na kitu chake mwenyewe. Alinunua kamera ya mtumba yenye lenzi ndefu. Akajiunga na kikundi cha WhatsApp cha wapiga picha, kilichoongozwa na dada mmoja wa Kilimani aitwaye Yvonne. Huko watu walimwandikia, “Kitonga, hii ni moto!” naye alisoma maneno hayo ofisini, chooni, kanisani wakati wa mahubiri.

Kufikia Machi hakuwa akimwonyesha mama yake tena. Kikundi kilijibu haraka kuliko yeye.

Mvua za masika ziliponyesha, chozi alijenga kiota ndani ya bogenvilia, hatua mbili kutoka kwenye kioo cha Kaindi. Chozi ni kile kindege cha mdomo uliopinda kama sindano ya gunia, kinachofyonza maua. Kaindi ndiye aliyekiona kiota kwanza. Alikitazama kikijengwa unyuzi kwa unyuzi, akakitazama kikilaliwa, na makinda mawili yalipoanguliwa alikataa chai mpaka Nzisa akachungulia akayaona na yeye. Tangu hapo hakugonga kikombe tena asubuhi. Alikuwa na shughuli.

Kikundi nacho kilikuwa kimetangaza mashindano. Kitonga alijaribu kukipiga kiota picha siku tatu mfululizo, akapata majani matupu na kivuli. Jumamosi aliamka na mkasi wa kupogolea.

“Baba Kiema, hiyo kichaka ukifungua kunguru wataona,” Nzisa alisema. Alikuwa mlangoni na kiondo, akielekea sokoni. Kiema, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni.

“Ni nusu saa tu. Nikimaliza narudisha.”

“Mwaitu anapenda hao ndege.”

“Si nitampigia picha ya hao hao ndege?”

Alikata matawi matatu, mengine akayavuta kando na kuyafunga kwa uzi. Mwanga ukaingia hadi ndani ya kiota. Makinda yalifumba macho yao mapya. Kitonga akaketi barazani, kamera kwenye miguu yake mitatu, akasubiri mama yao alete chakula.

Aliyekuja ni kunguru. Alitua ukutani kwanza, akainamisha kichwa, akatazama. Kitonga alikuwa mita nne tu kutoka hapo. Angesimama, ingetosha. Angepiga makofi, ingetosha. Badala yake alibonyeza, na kamera ikaanza kutafuna picha kwa kasi. Kunguru alichomoa kinda la kwanza kwa shingo. Chozi jike alitokea kama jiwe la manati, akampiga kunguru mgongoni mara mbili, mara tatu, kitu kisichozidi kidole kikipigana na ndege mzima. Kunguru akaenda zake na kinda.

Nyuma ya kioo, kikombe cha bati kilikuwa kikigonga. Kitonga alikisikia. Kwa muda mfupi alijiambia kwamba mama yake anataka beseni, ingawa alijua kabisa anachotaka.

Zilipita dakika sita. Baadaye aliweza kuzihesabu, kwa sababu kamera huandika saa. Katika dakika hizo sita angeweza kukata uzi na kuyaachilia matawi. Alizitumia kukagua picha zake, akaona nyingi zimepauka kwa mwanga, akazungusha kitufe, akakaa tayari.

Kunguru akarudi. Kinda la pili lilikuwa limesimama ukingoni mwa kiota, mdomo wazi, likidhani limeletewa chakula. Ndipo kioo kilipopasuka. Kunguru akashtuka, akalinyakua kinda ovyo kwa bawa na kuruka. Picha ya mwisho ikatoka ukungu mtupu.

“Mwaitu! Umeniharibia!” Kitonga alipiga kelele.

Kisha akaona mkono. Ulikuwa umetokea katikati ya kioo kilichovunjika, bado umeshika kikombe, na damu ikitiririka kutoka kwenye kiganja hadi kwenye bogenvilia. Kaindi alikuwa amejiburuta mpaka nusu ya mwili wake ikaning'inia nje ya kitanda. Hakuwa akimtazama mwanawe. Alitazama kiota.

Alishonwa nyuzi tisa. Kisha Nzisa alikwenda bustanini. Aliuona uzi kwenye matawi, akaufungua, akautia mfukoni.

Picha ya kinda la kwanza ilishinda. Walitundika picha zote katika mkahawa mmoja huko Kilimani, watu wakazunguka na vikombe vya kahawa, na chini ya ile yake Yvonne alikuwa ameandika: *Asili Haina Huruma*.

“Ulifanyaje ukapata hii?” mtu mmoja alimuuliza.

“Nilisubiri tu,” Kitonga akajibu. Wakampigia makofi.

Juni, ukungu ulipoanza kulala juu ya mabati hadi saa nne, Nzisa alisafiri kwao kwa siku chache, na Annah, dada yake Kitonga, akaja kutoka Machakos kumwangalia mama. Annah hakujua lolote. Alikuta picha ya ushindi ndani ya fremu nyuma ya kabati, akafurahi, akatafuta msumari.

“Mama, ona kazi ya mtoto wako!” akasema, akaitundika ukutani mbele ya kitanda, mahali ambapo Kaindi hangeweza kuepuka kuitazama isipokuwa afumbe macho.

Kitonga aliiona jioni hiyo hiyo. Wageni wa kanisa walikuwa wameketi chumbani, wakiisifu. Kuiondoa kungeleta maswali. Akajiambia ataiondoa kesho. Kesho yake alichelewa kazini. Keshokutwa Annah alimwambia, “Mama anafumba macho mchana kutwa siku hizi, nafikiri ni baridi,” naye akasema ndiyo, ni baridi.

Ilikaa siku nne. Nzisa aliporudi aliing'oa na msumari wake, akaipeleka nje, na Annah akabaki akishangaa kwa nini wifi yake analia.

Tangu hapo Kaindi hakufungua mdomo kwa kijiko cha mwanawe. Kwa Nzisa alikula, kwa Annah alikula. Kitonga aliposhika bakuli, midomo ilijifunga na shingo ikageukia ukuta. Daktari alisema wagonjwa wa kupooza huwa na tabia kama hizo, hazina maana yoyote, na Kitonga alimshukuru sana.

Mwishoni mwa Julai nimonia ilimshika Kaindi, na siku ya tano akafariki.

Mchapishaji wa programu ya mazishi alitaka picha nzuri ya marehemu kabla ya saa sita. Kitonga alifungua kompyuta. Kulikuwa na picha elfu kumi na moja na ushee. Vinyonga, kereng'ende, umande kwenye shubiri, kunguru peke yake alikuwa na folda nzima. Alitafuta mwezi mmoja mmoja, kutoka Novemba mpaka Julai, huku Nzisa akiwa amesimama nyuma yake.

Hakukuwa na picha hata moja ya Kaindi.

“Chukua ya kitambulisho,” Nzisa akasema hatimaye, akamwekea kadi mezani, akaenda kuwapokea watu waliokuwa wakiingia na viti.