Bibi Aliyesimama Mbele ya Shuka

Shangazi alinipa sharti moja tulipokuwa tunavaa mabuibui. "Usicheke kabla yao. Na wao wakicheka, wewe tabasamu tu. Mtu hendi kutazamwa posa akaonesha magego."

Hatukuwa tumekaa sana Matrah, mji wa bandari jirani na Maskati. Unguja tulikuwa Waarabu. Tuliposhuka melini Maskati, tukiyakimbia mapinduzi, tukaambiwa sisi Wazinjibari. Jambo hili lilimkera mno shangazi, aliyekuwa akijivunia Uarabu wake kuliko dhahabu zake. Tuliishi kwa hisani ya jamaa, katika vyumba viwili, na sasa familia ya mfanyabiashara ilinitaka kwa kijana wao. Kijana mwenyewe nilikuwa nimeshamchungulia dirishani akikimbiza kilemba chake kilichochukuliwa na upepo, huku akijicheka peke yake. Nikampenda hapo hapo. Kwa hiyo sharti la shangazi nililishika kwa mikono miwili.

Kwa kawaida siku kama ile ni kahawa na haluwa, watu wakutazame, mrudi kwenu. Lakini wale walikuwa wameletewa mashine ya senema kutoka Bahreni, na hawakuweza kukaa na mgeni bila kumwonesha. Zama zile senema Maskati hazikuwa jambo la kutangaza, basi madirisha walikuwa wameyaziba kwa mablanketi, na jenereta ikinguruma uani kiasi cha kutangaza kila kitu. Mwendesha mashine alikuwa mchumba mwenyewe. Kwa kuwa ndani tulikuwa wanawake peke yetu, walimweka ukumbini nyuma ya pazia, na jicho la mashine likatokezea kwenye tundu walilolikata kwa mkasi.

Mbele kabisa, karibu na shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, aliketi bibi wa nyumba ile, aliyemzaa baba wa mchumba. Alikuwa mweusi, mnene, mwenye midomo mipana, na kila aliyeingia alimbusu mkono kwanza. Nami nilimbusu.

Picha ikaanza, ya kuchora, isiyo na rangi wala sauti. Mbwa mwenye kofia ya kizungu alivunjikiwa na merikebu, akatupwa ufukweni. Wakamzunguka watu weusi kama masizi, midomo kama maandazi mawili, mifupa imepita kwenye nywele. Walimtia kwenye chungu, wakawa wanaruka na mikuki. Chumba kizima kikacheka. Mama wa mchumba akamuuliza shangazi kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, "Kwenu Zinjibari wapo wa namna hii?"

"Hao wako bara," akajibu shangazi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukisema hata kule Unguja, kwenye senema. Watu wa bara nao, nadhani, walisema wako mbele kidogo.

Shangazi akanifinya pajani nitabasamu. Nilijaribu. Uso ukakataa, ukawa mgumu kama ubao. Alipoona mambo yanaharibika akajitosa yeye. "Na mpishi gani huyo, anamtia mtu kwenye maji ya baridi, hata kitunguu hana." Mama wa mchumba akakubali kwamba ni aibu. Kwa muda mfupi wakapatana sana, wakijadili bizari.

Ndipo mtoto mdogo wa kike wa nyumba ile aliponyoosha kidole kwenye shuka, akasema kwa furaha, "Habooh." Ndivyo wanavyomwita bibi huko.

Kicheko kilikatika. Hakuna aliyemtazama bibi, na kila mtu alikuwa akimtazama. Akainuka polepole, akaenda kusimama mbele ya shuka, wale watu wenye mifupa wakawa wanamchezea kifuani. Akageuza shavu hili, akageuza la pili, kama anayejaribishwa nguo kwa fundi.

"Nitazameni," alisema kwa Kiarabu. "Nimefanana nao wapi?"

Watu wazima wote wakatazama mkeka. Mtoto peke yake ndiye aliyemkagua kwa makini. "Wewe huna mfupa," akasema.

Bibi akacheka yeye wa kwanza. Mashine ikazimwa, blanketi moja likateremshwa, mwanga ukaingia. Akaja kuketi karibu yangu, na kwa Kiswahili, ambacho wakaza wanawe hawakujua kama bado anacho, akaniuliza, "Wote wamecheka. Wewe mbona hukucheka, mwanangu?"

Shangazi alinikodolea macho yaliyosema nidai naumwa jino. Nilijua nikikosea jibu nimemkosa yule kijana. Lakini kile Kiswahili chake kilikuwa kimeshanivunja.

"Nna bibi yangu, kafanana nawe," nilisema. "Tumemwacha Unguja. Hatukupata hata kumuaga." Nikalia mbele za watu, meno na magego yote nje.

 Bibi akasema, "Na mimi wangu nilimwacha huko huko. Nilikuwa mdogo kama huyu," akamshika kichwa yule mtoto.

Akanifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Halafu akaligeukia pazia, akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika hadi uani, kwamba mke amepatikana, na mashine irudi Bahreni.

 Nyuma ya pazia sauti ya kiume, nzito kidogo, ikaitikia kwa utii, "Hadhiri, habooh."